Funguo Mbili, Ghala Moja

Miongoni mwa amana tulizokabidhiwa katika kamati ya msikiti, hakuna iliyo nzito kuliko orodha ya wajane na mayatima mafukara wanaopokea zaka. Mwaka huu tuliihamishia kwenye kompyuta, tukaiandikia wenyewe programu ndogo kwa lugha ya Python.

Mwishoni mwa Ramadhani tulitaka kujua ni nani hajapata fungu lake. Tukaipa orodha jina la pili, "waliobaki", tukidhani tumepata nakala, na kila aliyepokea tukamfuta humo. Tulipoifungua orodha ya asili tuichapishe, tulikuta imepungua vilevile. Programu haikutoa onyo lolote. Lau si daftari la karatasi lililokuwa kabatini, mwakani familia hizo zingesahauliwa, nasi tungekuwa wa kuulizwa mbele ya Mola wetu.

Chanzo tulikijua baadaye. Katika Python, jina la orodha halibebi orodha yenyewe. Linabeba rejeo, yaani anwani ya mahali ilipohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Ukilifanya jina la pili kuwa sawa na la kwanza, kinachonakiliwa ni anwani tu. Ni kama ghala la msikiti: imamu ana ufunguo, nasi tuna wetu. Kuchonga ufunguo wa pili hakuleti ghala la pili; tukitoa gunia la mchele, imamu atalikosa. Katika lugha ya C jambo hili li wazi zaidi, kwani anayeandika programu hutangaza mwenyewe kielekezi kwa alama ya nyota. Python hulisitiri, na hapo ndipo tuliponaswa.

Dawa ni kuagiza nakala halisi kabla ya kufuta chochote. Hata hivyo, ikiwa kila mjane ameandikiwa ndani yake orodha ya watoto wake, nakala ya juujuu hubeba anwani zilezile za watoto. Hapo yahitajika nakala ya kina.

Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah humtaka mwandishi wa deni aandike kwa uadilifu. Tulipoisoma chuoni tulidhani nia njema yatosha. Nia yetu ilikuwa njema, na majina yakafutika. Uadilifu wa mwandishi ni pamoja na kukijua chombo anachoandikia. Daftari la karatasi hatujalitupa.