Kujikwaa Ulimi: Jack Dyer, Uwanja na Kipaza Sauti

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ni methali tunayoifundisha shuleni bila kuitilia shaka, nasi wanafunzi wa Kiswahili huitii kuliko watu wengine, kwa kuwa ulimi ndio jembe letu. Katika makala haya ninakusudia kuipima methali hiyo kwa maisha ya mtu wa mbali, Jack Dyer wa Melbourne, Australia, aliyejikwaa ulimi hadharani kwa miongo kadhaa, akalipwa ujira kwa kujikwaa huko, na akapendwa.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini kwa mwanakandanda wa Australia? Tasnifu yangu ya uzamili inahusu utangazaji wa mpira kama utendaji wa fasihi simulizi. Nilipowasilisha pendekezo langu katika semina, nilisikilizisha wenzangu sauti niliyoirekodi ya mzee mmoja wa kijijini kwetu, ambaye zamani alikuwa mlinda lango wa timu ya lokesheni na ambaye sasa hutangaza mechi za mashindano ya vijana kwa kipaza sauti. Upatanisho wake wa kisarufi huyumba kama mlevi. Swali la kwanza nililoulizwa halikuhusu fanani wala hadhira. Niliulizwa: "Je, huku si kuharibu lugha?" Swali hilo ndilo lililonipeleka maktabani, na maktabani ndiko nilikokutana na Dyer.

Kandanda ya Australia si soka tunayoifahamu. Sheria zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka wa 1859. Uwanja wake ni wa mviringo, mpira wenyewe una umbo la yai, na kila timu huwa na wachezaji kumi na wanane uwanjani. Milingoti ni minne kila upande: mpira ukipigwa kwa mguu na kupita kati ya miwili ya katikati, timu hupata pointi sita, ukipita kando yake, hupata pointi moja. Mikono inaruhusiwa, kuruka kunasifiwa, na kugongana ni sehemu ya mchezo.

Dyer alizaliwa tarehe 15 Novemba 1913. Alianza kuichezea klabu ya Richmond mwaka wa 1931, na hakuiacha hadi alipostaafu kucheza mwaka wa 1949, baada ya mechi 312 na mabao 443. Richmond wakati huo ulikuwa mtaa wa wafanyakazi na watu wa kipato cha chini, na klabu ilikuwa fahari yao. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuruka na kuugombania mpira mwamuzi anapoudundisha katikati, kazi ya wenye miraba minne. Alionja ubingwa mwaka wa 1934, Richmond ilipoilaza South Melbourne. Kuanzia mwaka wa 1941 alikuwa nahodha na kocha kwa wakati mmoja, na mwaka wa 1943 aliiongoza timu kuishinda Essendon katika fainali kwa pointi 86 dhidi ya 81. Baada ya kutundika viatu aliendelea na ukocha hadi mwaka wa 1952. Leo mchezaji bora wa Richmond kila msimu hutuzwa nishani yenye jina la Dyer.

Lakabu yake ilikuwa Captain Blood, yaani Nahodha Damu. Ilitokana na filamu ya maharamia ya mwaka wa 1935, na alibandikwa na mwandishi wa gazeti la Melbourne kwa sababu ya jinsi alivyowapitia wapinzani kama gari-moshi. Sisi tunaosoma lakabu katika fasihi simulizi tunajua kwamba jina la namna hii halimwelezi mtu tu, bali humwumba. Dyer aliingia katika jina hilo akaishi humo. Alipozeeka, alikuwa akisimulia kwa mzaha hesabu ya mitulinga ya wapinzani aliyoivunja, mithili ya shujaa anayejigamba mbele ya wenzake baada ya vita.

Naam, alipoacha ukocha ndipo sauti yake ilipoanza kazi. Alitangaza mechi katika redio ya 3KZ, kisha akawa sura ya kawaida katika televisheni, hasa kipindi cha World of Sport na kile cha League Teams, alikoketi na Lou Richards aliyekuwa nahodha wa Collingwood, na Bob Davis wa Geelong. Katika gazeti la Truth alikuwa na safu iliyoitwa "Dyer 'ere". Jina la ukoo wake, likifuatwa na neno la Kiingereza lenye maana ya "hapa" lililokatwa herufi ya kwanza, hutoa sauti ya jina la ugonjwa wa kuhara. Mtu aliyekubali kuiita safu yake hivyo hakuwa na haja ya kuchekwa na wengine; alijicheka kwanza.

Makosa yake yanakumbukwa hadi leo. Inasimuliwa kwamba alipomsifu chipukizi mmoja alisema kijana huyo alikuwa na mechi nzuri ya kwanza wiki iliyotangulia, na kwamba wiki hii amekuwa na ya kwanza nzuri zaidi. Mara nyingine alitangaza kwamba hatasema lolote, asije akasema jambo. Mwanasarufi atacheka, na ana haki ya kucheka. Hata hivyo, tuyatazame maneno haya kwa jicho la fasihi. La kwanza linakiuka mantiki, kwani mwanzo huwa mmoja tu. Lakini msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba kijana bado ana upya na amezidi kunoga. La pili, likitiwa katika Kiswahili, linatenganisha kutamka na kunena: wengi wetu hutamka mengi katika semina bila kusema jambo. Kuhusu chuki yake kwa Collingwood, klabu yenye jezi nyeusi na nyeupe, inasimuliwa kwamba alikataa kutazama televisheni isiyo na rangi. Hiyo ni chuku ya kufundishia darasani.

Kuna jambo jingine katika maisha yake linaloujibu vyema zaidi mjadala wa kuharibu lugha, nalo linahusu mguu. Katika enzi yake, pigo lililosifiwa kwa uzuri lilikuwa lile la kuuachia mpira uguse ardhi na kuupiga papo hapo unapoinuka. Dyer anatajwa miongoni mwa waliolieneza pigo jingine, la kuupiga mpira ungali hewani ili uzunguke kwa kurudi nyuma. Halikuwa na madaha ya lile la kwanza, ila lilifika lilikokusudiwa. Leo pigo hilo ndilo la kawaida katika mchezo mzima, na lile la kale limetoweka karibu kabisa. Lugha nayo ina mapigo ya aina hii. Yapo maumbo yaliyokemewa na walimu wa kizazi kimoja, yakaja kutahiniwa kama sanifu katika kizazi kilichofuata. Sisemi kwamba kila kosa ni sanifu ya kesho. Ninasema kwamba anayehukumu anapaswa kwanza kuuliza kama mpira umefika.

Mzee wa kijijini kwetu hufikisha mpira. Watu hutoka vijiji jirani si kwa sababu ya vijana wanaocheza tu, bali pia kumsikiliza yeye. Kwa kuwa aliwahi kusimama langoni, huuona mkwaju kabla haujapigwa, na sauti yake hushuka pale hatari inapokaribia. Ujuzi huo haupatikani katika kamusi. Dyer naye alikuwa nao: alikuwa ameruka, ameanguka na amefundisha kabla ya kutangaza.

Pamoja na hayo, singependa kumfanya shujaa asiye na doa, kwa kuwa kicheko chaweza kuficha. Yuko mwingine aliyepitia njia iyo hiyo: Danny Frawley, nahodha wa zamani wa St Kilda, kocha wa Richmond kuanzia mwaka wa 2000 hadi 2004, kisha mtangazaji aliyependwa kwa ucheshi. Alifariki Septemba 2019, na mwaka wa 2020 ilitangazwa kwamba uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha CTE, ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Nikisoma habari hizo, majigambo ya mitulinga iliyovunjika hubadilika ladha kinywani. Vizazi vya mashabiki vilifundishwa kucheka maumivu, na waliowafundisha ni watangazaji ambao wao wenyewe walikuwa wameumia.

Kwa hivyo methali ya wahenga bado ina uzito, ila uzito wake hauko pale tulipouweka. Ngeli inapoyumba, hakuna anayeumia, na huenda msikilizaji akapata picha aliyokuwa hajaiona. Ulimi hujikwaa vibaya pale unapokifanya kidonda kuwa kichekesho mpaka mwenye kidonda aone haya kulia. Tunapozichunguza sauti za viwanjani kama fasihi, nami nashikilia kwamba ni fasihi, tusiishie kwenye sarufi. Tuulize sauti inatuonyesha nini, na inatuzuia kuona nini.

Dyer alifariki tarehe 23 Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 89. Alikuwa tayari ameingizwa mwaka wa 1996 katika orodha ya kwanza ya magwiji wa mchezo wake. Mzee wa kijijini kwetu hana orodha ya kumngoja. Ana kipaza sauti cha kuazima, betri zinazoisha kabla ya kipindi cha pili, na sura moja katika tasnifu yangu, ambayo bado ninaiandika.