Barua kutoka Texas: Kati ya Julai na Mei



Mwanafunzi wa sekondari wa Marekani anayetaka kuingia chuo kikuu hujiandaa kwa mtihani uitwao SAT, unaosimamiwa na taasisi ya College Board na uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Vyuo vingi viliacha kuudai wakati wa janga la UVIKO-19, lakini baadhi, Harvard kikiwamo, vimekwisha kuurudisha. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta kwa muda wa saa 2 na dakika 14, na alama zake za juu kabisa ni 1600, nusu zikitokana na kusoma na kuandika, nusu nyingine na hisabati.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko kompyuta hizo ni kwamba mtihani huo hurudiwa. Hutolewa mara kadhaa kwa mwaka, hivi kwamba mwanafunzi wa darasa la 11 aliyepata alama ndogo mwezi Machi anaweza kuketi tena Juni, kisha Agosti, na vyuo vingi huchukua alama zake bora za kila sehemu hata kama alizipata siku tofauti. Mazoezi ya bure yapo katika tovuti ya Khan Academy tangu mwaka 2015, ingawa wazazi wenye uwezo bado hulipia tuisheni, na kwa hiyo isidhaniwe kwamba Marekani imeondoa tofauti kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini.

Nchini Tanzania mlango mkuu wa chuo kikuu ni mtihani wa kidato cha sita, unaotungwa na Baraza la Mitihani, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hufanyika mara moja kwa mwaka, mwezi Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Tume ya Vyuo Vikuu hudai, kwa kozi nyingi, ufaulu wa daraja la A hadi E katika masomo mawili yanayohusiana na kozi inayoombwa, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A huhesabiwa pointi 5 na E pointi 1. Mwanafunzi wa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, hufanya pia mtihani wa vitendo, ambao katika Kemia huweza kumtaka asimame mbele ya bureti, yaani mrija wa kupimia kimiminika, aachie asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, kisha asome kipimo bila kukosea hata sehemu ya kumi ya mililita. Stadi hiyo haipatikani kwa kukesha na madaftari. Inahitaji maabara yenye kemikali na mwalimu aliye karibu. Maswali yenyewe huja kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa Usukumani ni lugha ya tatu, baada ya Kisukuma cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi.

Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na hilo ni jema lisilopingika. Kikwazo kilichobaki ni muda. Aliyekosa pointi Julai anaweza kujisajili kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani anayefanya mtihani bila kuwa mwanafunzi wa shule, lakini atangoja miezi kumi, na miezi kumi katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga si sawa na miezi kumi ya mahali pengine. Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na makarasha, mashine za kusaga mawe, ambako kijana mwenye nguvu hupokelewa bila kuulizwa cheti. Kumlaumu kwa tamaa ni kumwonea, kwa kuwa mara nyingi nyuma yake wapo wadogo zake wanaosubiri daftari na sare.

Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanaitaka migodi iandae mipango ya huduma kwa jamii na kuipeleka katika halmashauri ili ikubaliwe. Madarasa na mabweni yanahitajika, lakini ni haki pia fedha za mipango hiyo zilipe walimu wa jioni na kuwafungulia maabara watahiniwa wa kujitegemea wa Katoro na Kakola, ambao kwa sasa husoma peke yao. Baraza la Mitihani nalo lingeweza kufikiria mtihani wa pili mwezi Novemba. Wazo hilo si geni ndani ya nchi, kwani baadhi ya shule za kimataifa hufuata mitihani ya Cambridge, ambayo ina msimu wa Mei na Juni na mwingine wa Oktoba na Novemba, na mtoto ambaye wazazi wake wanamudu ada za huko hurudia somo lake kabla mwaka haujaisha.