Ndoo mbili za mama

Kwenye harusi moja hapa Masasi nilimiminiwa divai nyeupe ya Dodoma, ile isiyo na sukari. Wenzangu mezani walikunja nyuso. Mimi nilinyamaza, maana ulimi wangu uliijua ladha ile: ukali wa tunda, ukakasi unaobana fizi, na utamu uliokwisha kuondoka. Kwetu Newala kinywaji cha namna hiyo ni uraka. Divai hukamuliwa zabibu, uraka hukamuliwa mabibo.

Kwa msomaji asiyetoka Kusini, bibo ni lile tunda jekundu au la njano linaloning'iniza korosho. Asili ya mkorosho ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani yetu katika karne ya 16. Goa, India, walikotawala hadi 1961, nako watu hukamua mabibo, na wana kinywaji kiitwacho urrak. Jina karibu ni lilelile, ila wao hukipika na kukusanya mvuke wake. Uraka wa mama yangu haupikwi.

Msimu wa korosho ukifika, mama huamka alfajiri kuokota mabibo, kwani bibo lililoanguka halidumu. Hunyonyoa korosho na kuziweka kando kwa ajili ya mnada, kisha hutwanga mabibo kwenye kinu, hukamua na kuchuja kwa kitambaa. Asubuhi hiyo ni juisi tu, tamu, yenye vitamini C nyingi kuliko chungwa. Lakini hamira ya asili iliyo kwenye ganda la tunda haingoji. Huanza kula sukari palepale na kuigeuza kilevi. Jioni povu linaonekana. Kesho yake ni uraka, na kadiri siku zinavyokwenda utamu unaisha, ukali unabaki. Huo mkali ndio wanaoutaka wazee. Hushushia korosho za kuchoma, samaki mkavu, au ming'oko na chachandu ikipatikana.

Msimu uliopita nilimpeleka mwanangu wa miaka sita kwa bibi yake. Siku ya pili nikamkuta amelala kwenye mkeka saa tano asubuhi, jasho linamtoka, nikimwita anaitika kwa shida. Pembeni kulikuwa na kikombe. Mama alikuwa na ndoo mbili zinazofanana, ya leo na ya jana, na mtoto alichota ya jana.

Tulimkimbiza zahanati. Mhudumu alimpima sukari, akatueleza kwamba kilevi hushusha sukari ya mtoto upesi, ndiyo maana hafai kuachwa "alale tu, itaisha". Namshukuru Mungu, jioni alikuwa anacheza.

Usiku ule nilimfokea mama. Nilimwambia akiendelea na uraka, mjukuu wake hatamwona tena. Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, baba yako alipofariki, korosho zililipa madeni. Ada yako ya bweni ililipwa na uraka. Leo umekuwa mwalimu, ndoo yangu imekuwa aibu?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli nilikuwa na aibu, tena ya siku nyingi. Shuleni niliwaambia wenzangu mama anauza maandazi. Na mwanangu sikuwahi kumwambia uraka ni nini. Nilidhani nikilinyamazia jambo, mtoto hatalijua. Matokeo yake alichota kikombe akiamini ni juisi ya bibi, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba juisi ya jana si ya leo.

Asubuhi nilimwomba mama msamaha. Tukakubaliana hivi: uraka unakaa kwenye dumu lenye kifuniko, ndani ya chumba chake, na chumba kinafungwa. Juisi ya watoto inakamuliwa na kunywewa asubuhi hiyohiyo, inayobaki inamwagwa au inaingia kwenye dumu la wakubwa. Kisha mama mwenyewe alimkalisha mjukuu wake chini, akamwonyesha povu, akamnusisha. "Hii ni ya wakubwa," alimwambia. "Na huyu mama yako alisoma kwa hii."

Mzazi mwenzangu, huenda kwenu hakuna mabibo. Kuna togwa iliyolala, kuna mnazi, kuna chupa ya divai nyuma ya kabati. Usitegemee kificho peke yake. Funga, halafu sema. Mtoto anayejua kilichomo ndani ya ndoo ana sababu ya kukiacha.

Mwanangu sasa kila akipewa juisi kwa bibi yake huuliza kwanza, "Bibi, hii ni ya leo?" Mama hucheka sana. Mimi nacheka pia, ila moyoni huwa nakumbuka ule mkeka.