Palipoinama Sipo Penye Kosa

Tuliporudi kutoka makaburini kumzika marehemu ustadhi wangu, tukaketi mkekani sisi tuliokuwa wanagenzi wake, wazee sote sasa wa mvi na magoti mazito, na kabla kahawa haijazunguka mara ya pili yakafufuka mabishano yaliyotugawa tangu ujanani: gari likiwa limelalia upande mmoja, fundi aanzie wapi kulitazama, na ni pembe ipi kati ya zile nne iliyo na kosa. Vijana waliokuwa wakitumiminia kahawa walisikiliza kwa mshangao, maana kwao jambo hili halina mjadala: palipoinama painuliwe, mwenye gari alipe, aende zake. Mshangao ule ndio ulionitia kalamu mkononi, kwa kuwa nimekwisha kuiacha kazi na nguvu za mikono zimenipungukia, illa maarifa niliyokabidhiwa ningali nayo yote, wala sioni insafu kuyaacha yafukiwe pamoja nami.

Ya utotoni si mengi. Nilizaliwa Birere, mjini Goma, hatua chache kutoka mpaka wa Gisenyi, katika aila iliyotoka Kasongo ya Maniema; nikasoma chuoni kwa maalimu, kisha shule ya msingi; na tarehe 10 Januari 1977, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka ubavuni na ziwa lake la moto likamwagika lote katika muda usiofika saa moja, nilikuwa mvulana mwenye ndevu za kwanza. Mwaka uleule baba yangu alinishika mkono akanipeleka gerejini, akaniweka amana kwa mtu wa kwao, akaondoka bila ya kugeuka nyuma.

Mtu huyo alikuwa Mngwana wa Maniema, mrefu, mchache wa maneno, aliyejifunza kazi kwa Land Rover za zamani za springi za vyuma bapa, na ambaye hakuwahi kutia spana kwenye gari kabla ya kulizunguka kimya na kulitazama kwa mbali, mbele na nyuma, kama kadhi anayemtazama shahidi kabla ya kumwapisha. Jambo la kwanza alilonifunza halikuwa la gari bali la ardhi. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya mlima, mawe meusi yenye mikunjo na matuta, na fundi akilisimamisha gari mahali popote apendapo kisha akasema limeinama, hajui kama kilichoinama ni gari au ni Goma. Kwa hiyo ustadhi alijenga vitako vinne vya saruji, kila kimoja cha gurudumu lake, akavisawazisha kwa mpira mwembamba wa maji unaopitisha nuru, ule ule watumiao waashi, na vitako hivyo alivilinda kuliko alivyolinda mapato yake. Januari 2002, lava iliposhuka tena ikapita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika hata sehemu ya uwanja wa ndege, gereji yetu ilizikwa na vyote vilivyokuwamo. Na wengine walipokuwa wakitafuta mabati ya paa juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto, yeye alikuwa amepiga magoti na mpira wake wa maji, akitafuta usawa wa vitako vipya.

Gari likishapanda vitakoni, kulikuwa na adabu zake. Upepo wa matairi hupimwa kwanza, kwa sababu tairi lililopungukiwa hushusha pembe yake na kumsingizia springi. Mizigo hushushwa yote. Tangi la mafuta huulizwa liko upande gani na limejaa kiasi gani. Kisha gari husukumwa mbele na nyuma, na kila pembe hukandamizwa na kuachwa, ili busha na viungo vitulie mahali pake. Hapo ndipo futikamba hutoka mfukoni, na kipimo hakichukuliwi kutoka chini hadi kwenye madigadi, kama wafanyavyo wengi, bali kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kwa maana kipimo cha namna hiyo hakilijui tairi wala hakijali kama ni jipya au limekwisha. Tarakimu nne zikaandikwa kwa chaki sakafuni, kila moja penye pembe yake, na aliyezifuta kabla ya kazi kwisha alifukuzwa siku ile asirudi hata kesho.

Sasa naja kwenye kiini cha mabishano. Gari ni mwili mmoja mgumu uliolazwa juu ya springi nne, na kwa hiyo pembe moja haiwezi kushuka peke yake bila ya kuzisumbua nyingine: springi ya nyuma kushoto ikilegea, mwili wote hulalia kushoto, pembe ya mbele kushoto nayo hushuka ingawa springi yake ni nzima kabisa, na ile ya mbele kulia huinuka kama inayojivuna. Macho ya mtu asiyejua huona mbele kushoto pameshuka, mikono yake hukimbilia hapo hapo, na kosa hubaki limelala salama nyuma. Dawa ya tashwishi hii aliyotufunza ustadhi ni jeki moja tu. Magurudumu ya mbele huzuiwa kwa mawe, kisha jeki huwekwa chini ya ekseli ya nyuma, katikati kabisa, chini ya difu, na nyuma huinuliwa mpaka matairi yaachane na ardhi. Hapo nyuma huwa haina tena uwezo wa kuuelekeza mwili kulia wala kushoto, na mbele husimama kwa nguvu zake yenyewe. Mbele ikiwa bado imeinama, kosa ni lake. Ikinyooka, basi rudi nyuma ukatafute. Wala asiingie mtu uvunguni gari likiwa katika hali hiyo, hata awe na haraka ya namna gani.

Nakumbuka Hilux ya mama mmoja mfanyabiashara wa viazi, aliyekuwa akishusha magunia kutoka Masisi kwa njia ya Sake. Gari lilikuwa limeinama mbele kushoto, na gereji nyingine, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imekwisha kukaza bolti ya ufito wa torsheni wa upande ule, mpaka gari likaonekana limenyooka, mama akalipa. Kwa macho, lilikuwa kweli limenyooka. Lakini ukikaza pembe moja namna ile, uzito wa gari huhamia kwenye gurudumu lake na lile la pembe ya mkabala, nyuma kulia. Magurudumu mengine mawili hubaki yakigusa ardhi kwa heshima tu. Na kwa hiyo gurudumu la mbele kulia likawa linajifunga na kuserereka kila breki ishikwapo penye tope, na tairi la mbele kushoto likaanza kulika upande mmoja. “Mama,” ustadhi alimwambia, “gari lako halikuponywa, limefundishwa kusema uwongo.” Akairudisha bolti ile ilipokuwa, akatia jeki chini ya difu, na mbele ikanyooka yenyewe mbele ya macho yetu sote. Springi ya nyuma kushoto ilipofunguliwa na kuoshwa kwa mafuta ya taa, ikapanguswa, ikapakwa chaki, mafuta yaliyokuwa yamejificha ufani yakatoka polepole na kuchora mstari mweusi: lamu ya pili, yaani bapa la pili la springi ile, ilikuwa imekatika penye tundu la bolti ya katikati, mahali palipofunikwa na yubolti, ambapo jicho halifiki. Sababu yake ilikuwa yubolti zilizolegea zisikazwe tena baada ya safari za kwanza, kwani lamu ikipata nafasi ya kucheza pale penye tundu, hapo ndipo hukatika.

Aliyeikaza bolti ile ya mbele alikuwa mwenzangu, tuliyekula naye sahani moja gerejini kabla hajatoka kwenda kufanya kazi yake mwenyewe. Hujja yake, aliyoirudia hata siku ile ya matanga, ni kwamba mteja hununua macho yake, na gari lililonyooka ni gari lililonyooka. Naijibu kama nilivyoijibu siku zote: njia ya Sake haina macho.

Wakati wa mashirika ya misaada, tangu Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda katika siku chache na mji ukajaa Land Cruiser nyeupe, tulipata kazi nyingi kuliko mikono, na hapo elimu ya ustadhi ya Land Rover ikatufaa tena. Alikuwa akijua kwamba springi za Land Rover za upande wa dereva zilitoka kiwandani na upinde mkubwa zaidi kuliko za upande wa pili, ili zistahimili uzito wa mtu asiyeshuka garini. Na kadhalika magari kadhaa ya koili yana springi mbili za mbele zisizolingana urefu. Leo magari ya usukani wa kulia yanatufikia kwa wingi kupitia Mombasa na Kampala, na wapo wanaohamisha usukani kwenda kushoto baghairi ya kukumbuka kwamba springi zimebaki kumsubiri dereva upande wa kulia. Gari la namna hiyo hulalia kushoto, na hakuna kilichovunjika ndani yake.

Enyi vijana, nawasihi kwa dhati: acheni kuwauzia watu shokamzoba kwa ajili ya gari lililoinama. Shokamzoba kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Ya mafuta haibebi uzito, na ya gesi hubeba kidogo mno. Acheni kukaza bolti za busha gari likiwa linaning'inia jekini, maana mpira hukamatwa katika hali ile ya kuning'inia, na gari likishushwa chini husokotwa, ukaishikilia pembe ile juu kwa miezi kisha uchanike. Kazeni gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Na msiipeleke lamu kwenye moto wa makaa ili ipindwe upya! Moto huiondolea ukakamavu wake wote, na upinde mnaoupata kwa moto hautamaliza msimu mmoja wa mvua.

Limebaki moja ambalo hata ustadhi hakulimaliza nasi. Yeye alishika kwamba springi hubadilishwa mbili kwa pamoja, kwani mpya ikikaa mkabala na kuukuu, gari litalalia upande wa kuukuu kesho yake. Mwenzangu asema hiyo ni sharia ya matajiri, na siwezi kumpuuza katika hili, hasa tangu Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa, hata mwenye fedha akakosa pa kuitoa. Mimi nasema njia ya kati ipo: asiye na uwezo wa mbili mpya atafutiwe kuukuu nzima, ilazwe chini sakafuni ubavuni mwa ile iliyobaki, upinde wa kila moja upimwe kwa uzi kutoka sikio hadi sikio, na zikilingana zifungwe. Mwenzangu hajakubali. Mpwa wake ana Hiace inayolalia kulia, na tumeahidiana kuipima pamoja, kwa futikamba yangu, juu ya vitako vya marehemu.