Kufundisha Bila Kuaga Wodi

Wauguzi wa Afrika Mashariki walioko ughaibuni wakikutana, iwe msibani Reading au harusini Houston, mazungumzo hayachelewi kufika kazini. Mmoja anauliza zamu za usiku atazifanya hadi lini. Mwingine ana miaka 20 wodini, mgongo umeanza kumsumbua, na anachotaka sasa ni kufundisha. Hapo ndipo njia za nchi zinapoachana. Nyumbani, muuguzi mwenye nia hiyo kwa kawaida huenda kusoma, hurudi na cheti kikubwa zaidi, hupangiwa chuoni, na wodi huiaga. Uingereza au Marekani anaweza kufundisha Jumanne na kuhudumia wagonjwa Alhamisi. Tofauti hiyo yaonekana ni ya ratiba tu, lakini ndiyo inayoamua mwanafunzi atajifunza kazi kutoka kwa nani.

Tuanze na England. Mwanafunzi wa uuguzi huko hutakiwa kumaliza saa 4,600 za masomo, na nusu yake, saa 2,300, ni mafunzo kwa vitendo hospitalini na katika jamii. Haikuwa hivyo siku zote. Florence Nightingale alipofungua shule yake katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, alianzisha utaratibu uliodumu zaidi ya karne moja: mwanafunzi anaishi hospitalini, anaogesha wagonjwa, anatandika vitanda, anakesha zamu, na masomo anayapata katikati ya kazi. Hospitali ilipata mikono ya bei nafuu. Mageuzi yaliyoitwa Project 2000, yaliyoanza kutekelezwa mwaka 1989, yaliwaondoa wanafunzi katika mfumo huo na kuwapeleka kwenye elimu ya juu, na kufikia 2013 shahada ikawa ndiyo njia pekee ya kuingia katika taaluma.

Pamoja na mageuzi hayo kulikuja kanuni yenye uzito mkubwa. Mwanafunzi hahesabiwi kwenye idadi ya wauguzi wa zamu. Zamu ikihitaji wauguzi 5, wawepo 5, na mwanafunzi awe wa 6. Kazi atafanya, lakini yupo pale kwa ajili ya kujifunza, na lazima awepo mtu mwenye jukumu la kumfundisha.

Jukumu hilo limegawanywa kwa umakini. Kwa mujibu wa viwango vya baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, vilivyoanza kutumika mwaka 2019, mwanafunzi huwa na msimamizi wodini anayemwelekeza siku hadi siku, mtathmini wodini anayeamua kama ameuweza ujuzi, na mtu wa tatu, mtathmini kutoka chuo kikuu. Msimamizi na mtathmini wa mwanafunzi huyo hawawi mtu mmoja kwa wakati mmoja. Aliyekunywa naye chai wiki nzima na kumzoea siye anayetoa uamuzi wa mwisho wa kumpitisha.

Juu ya ngazi hiyo yupo mtu ambaye wauguzi wengi kutoka kwetu humfahamu mapema sana: mwalimu wa wodini. Huyu ni muuguzi aliyeajiriwa na hospitali ili afundishe pale pale penye wagonjwa. Muuguzi aliyesajiliwa Kenya au Tanzania akiajiriwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, lazima afaulu mtihani wa vitendo ndipo asajiliwe na NMC, na wanaomwandaa huwa ni walimu wa aina hii. Humsimamisha mbele ya mdoli, humwambia azungumze nao kama mgonjwa, humsikiliza anavyojitambulisha, humtazama anavyonawa mikono na anavyopima presha, kisha humwonyesha alipokosea na kumrudisha mwanzo. Mchana wa siku hiyo hiyo mwalimu huyo anaweza kuwa kitandani akimwonyesha muuguzi mpya namna ya kufunga kidonda kigumu. Hakuiacha kazi yake. Ameongezewa nyingine, na ipo kwenye mkataba wake na kwenye mshahara wake.

Marekani mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Muuguzi wa hospitali anayefanya zamu ndefu za saa 12 siku tatu kwa wiki hubakiwa na siku nne, na vyuo vimejifunza kuzitumia. Humwajiri kwa muda, akachukua kundi la wanafunzi na kuingia nao wodini siku moja au mbili. Kila jimbo lina sheria zake. Texas, kwa mfano, mwalimu mmoja anayesimamia wanafunzi wanaohudumia wagonjwa haruhusiwi kuzidisha wanafunzi 10. Anayetaka ajira ya kudumu katika programu za shahada hutakiwa kuwa na angalau shahada ya uzamili, na tangu 2005 upo mtihani wa kitaifa unaomtambua muuguzi kuwa mwalimu mbobezi, kama ilivyo mitihani ya ubobezi wa uangalizi wa mahututi au upasuaji. Heshima ya ufundishaji yenyewe ina historia ndefu zaidi: mwaka 1907, Mary Adelaide Nutting aliteuliwa katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akawa profesa wa kwanza wa uuguzi duniani.

Lakini anayedhani ughaibuni wamemaliza tatizo atazame mishahara. Jumuiya ya vyuo vya uuguzi vya Marekani, AACN, ilieleza mwaka 2022 kwamba mwalimu wa chuo mwenye shahada ya uzamili alipata wastani wa dola 87,325 kwa mwaka, huku mwenzake mwenye shahada ya kiwang­o hicho anayetibu wagonjwa akipata karibu dola 120,000. Anayehamia darasani anakubali kupunguza kipato. Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 2023 vyuo vilivyohojiwa na AACN vilikuwa na nafasi 1,977 za walimu wa kudumu zisizo na watu, na mwaka huo huo maombi 65,766 ya watu wenye sifa za kusoma uuguzi yalikataliwa, uhaba wa walimu ukiwa miongoni mwa sababu kuu. Nchi inayoajiri wauguzi kutoka Nairobi, Manila na Lagos imewafungia mlango vijana wake maelfu kwa maelfu, kwa kuwa imekosa wa kuwafundisha.

Kuna jambo jingine lisilotatuliwa na fedha. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alichapisha kitabu kinachoeleza hatua tano ambazo muuguzi hupitia kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Bingwa, alionyesha Benner, huiona hali ya mgonjwa kwa ujumla wake. Huingia chumbani na kuhisi kwamba mambo yanaenda vibaya kabla mashine haijasema lolote. Ujuzi huo haumo kwenye slaidi. Hujengwa kwa miaka ya kuwa na wagonjwa, na hudumishwa kwa kuendelea kuwa nao. Kisha mwaka 2010, yeye na wenzake walitoa utafiti mkubwa kuhusu elimu ya uuguzi Marekani wakionya kwamba darasa na wodi vimeachana mno, na wakataka vifundishwe kama kitu kimoja.

Onyo hilo linatuhusu moja kwa moja.

Nyumbani, darasa na wodi vilizaliwa pamoja. Vyuo vingi vya uuguzi Tanzania vilianza kando ya hospitali, hasa za misheni, na hadi leo chuo na wodi vinashirikiana uwanja mmoja KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Haydom kule Manyara. Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kilichoanza mwaka 1927, kimetandaza kampasi zake nchi nzima, nyingi zikiwa jirani na hospitali za umma. Umbali kati ya mkufunzi na mgonjwa mara nyingi ni wa kutembea dakika chache. Kinachowatenganisha ni muundo wa ajira. Mkufunzi ana mwajiri wake, ratiba yake na ngazi yake ya kupanda. Muuguzi wa wodi ana mwajiri na ngazi nyingine. Akishavuka kwenda chuoni, hakuna kinachomdai kurudi kushika zamu, na wala hakuna anayemwandalia nafasi ya kufanya hivyo.

Isisemwe kwamba hatuna utaratibu wa kuandaa walimu. Tanzania ina CEDHA, Arusha, kituo ambacho kwa miaka mingi kimewafunza wataalamu wa afya mbinu za kufundisha, na wakufunzi wengi wa vyuo vyetu wamepita pale. Chuo Kikuu cha Aga Khan, kilichoanza programu zake za uuguzi katika ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilijengwa juu ya wazo kwamba muuguzi aliye kazini ajiendeleze bila kuacha kazi, na wengi waliojiendeleza hivyo wakawa walimu na viongozi. Tunachokosa ni utaratibu wa yule anayebaki wodini.

Maana mwalimu halisi wa vitendo, kwetu, ni muuguzi wa zamu. Wanafunzi huja kwa makundi, mara nyingine kutoka vyuo vitatu kwa wakati mmoja, wakajazana kwenye kitanda kimoja kumtazama mtu mmoja akiweka kanyula. Muuguzi huyo ana wodi iliyojaa, dawa za kugawa, mafaili ya kuandika na ndugu wa wagonjwa wanaomsubiri mlangoni. Anafundisha kwa hisani. Ijumaa anafuatwa na rundo la vitabu vya kumbukumbu za mafunzo na anatia saini, hata kwa taratibu ambazo hakumwona mwanafunzi akizifanya, kwa sababu muda wa kumwona haukuwepo. Hakuna posho, hakuna nafasi kwenye ratiba ya zamu, na siku ya kupandishwa daraja hakuna anayemuuliza amewafundisha wangapi. Hili ni pengo la mfumo, na wanaolibeba ni wauguzi wenye moyo.

Hata hivyo, mojawapo ya majibu bora duniani kuhusu suala hili limetoka Tanzania, katika hospitali ya vijijini. Mwaka 2010, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilipokea mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yanayofundishwa kwa mdoli mwepesi unaojazwa maji. Wafanyakazi wa wodi ya wazazi walifunzwa kwa siku moja. Baada ya miezi kadhaa, watafiti wakiongozwa na Hege Ersdal wa Norway walirudi kupima, na jibu lilikuwa gumu kulimeza. Wakunga walikuwa wameboreka wakiwa mbele ya mdoli. Leba, mbele ya mtoto halisi, mambo yalibaki karibu vile vile.

Haydom hawakuishia hapo. Walileta mdoli ndani ya leba yenyewe, na mazoezi yakawa mafupi, ya dakika chache, yakirudiwa mara kwa mara katikati ya kazi na kusimamiwa na wenyeji wa wodi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 na Estomih Mduma na wenzake: vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Hawakuongezewa jengo wala hawakusubiri wataalamu wapya. Kilichobadilika ni mahali pa kufundishia, mwalimu mwenyewe, na mara ngapi anafundisha.

Wazo hilo lilikuzwa hadi kufikia vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, likiunganishwa na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto na kumsaidia kupumua, na katika kila kituo wakachaguliwa wafanyakazi wa hapo hapo kuongoza mazoezi. Mwaka 2025 jarida la tiba la *New England Journal of Medicine* lilichapisha matokeo yake: vifo vya watoto ndani ya siku ya kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40. Walioongoza mazoezi hayo wanazalisha, wanashika zamu, na wanafundisha.

Kwa hiyo muuguzi wa ughaibuni anayefikiria kurudi kufundisha, au kusaidia akiwa mbali, achague vizuri cha kubeba. Maabara za gharama zenye midoli inayopumua na kulia zina faida zake. Hata NMC sasa inaruhusu hadi saa 600 kati ya zile 2,300 zifanyike kwa mazoezi ya kuigiza. Lakini chuo chenye umeme wa kukatika na bajeti ndogo hakitafika mbali na mashine ambayo hakuna wa kuitengeneza. Yapo mambo matatu yanayosafirishika kwa urahisi zaidi: kanuni kwamba mwanafunzi ana mtu maalumu wodini anayewajibika kwake, utaratibu wa kutenganisha anayemwelekeza na anayempima, na kazi ya mwalimu wa wodini iliyoandikwa, iliyotengewa saa kwenye ratiba, na inayohesabiwa katika kupanda cheo.

Haya yanawezekana bila kusubiri sera kubwa. Metroni na mkuu wa chuo walio uwanja mmoja wanaweza kukaa wakakubaliana kwamba kila mkufunzi wa vitendo atashika zamu siku moja kwa wiki, na kwamba kila wodi itakuwa na muuguzi mmoja anayepunguziwa wagonjwa siku ambazo wanafunzi wapo. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na lile la Kenya yanaweza kuitambua kazi hiyo katika mafunzo endelevu ambayo muuguzi huyahitaji ili kuhuisha leseni yake.

Na yule mwenye miaka 20 wodini na mgongo unaomsumbua ana mahali pa kuanzia. Ahakikishe shahada yake ya nje inatambuliwa, kwa Tanzania kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Asajiliwe upya na baraza la nchi yake. Kisha anapoandika barua ya maombi, aiandike kwa chuo na kwa hospitali kwa pamoja, akiomba mkataba mmoja wenye siku za darasani na siku za wodini. Huenda akawa wa kwanza kuomba hivyo katika mkoa wake. Mkuu wa chuo atakayekubali atakuwa amepata mwalimu ambaye wanafunzi wake watamkuta pia kitandani kwa mgonjwa.