Cressida ya Baba

Siku nilipouza gari ya Baba nilimwambia iko kwa fundi. Nikaendelea kumwambia hivyo kwa wiki tano.

Tulipozungumza kwenye kipindi kuhusu vitu ambavyo wazee wetu hawataki kuviachia, kila mmoja alikuwa na chake: kasha la bibi, cherehani ya mkono, redio isiyoshika stesheni hata moja. Mie nilikaa kimya, na kuna walioniandikia kuuliza mbona. Sababu ni hii.

Gari yenyewe ilikuwa Toyota Cressida ya mwaka 1987, nyeupe, ila jua la Muscat lilikuwa limeshaipiga mpaka boneti ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Baba aliinunua mwaka 1991, miaka miwili kabla sijazaliwa, kwa mwenzake wa kazini aliyekuwa akirudi kwao. Mie nililetwa nyumbani kutoka hospitali ndani ya gari hiyo. Kaka yangu alitapika kwenye kiti cha nyuma njiani kwenda Nizwa, na doa halikutoka mpaka mwisho.

Wenzetu wa Ghuba wanaijua Cressida vizuri. Ilikuwa gari ya mwalimu, ya karani, ya mtu mwenye watoto wanne na mshahara mmoja. Injini ya kabureta, haina mambo mengi, fundi yeyote anaifungua na kuifunga. Lakini tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na kwa hiyo vijana wakaipenda kwa sababu nyingine kabisa: kutelezesha, ile michezo ya kuzungusha gari barabarani mpaka moshi unatoka. Likumbukeni hilo la tairi za nyuma, nitalirudia.

Baba alikuja Muscat mwaka 1975, ana miaka 22. Sultan Qaboos alikuwa ameshika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, na wengi waliotoka Unguja na Pemba walirudi miaka hiyo, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Hapo mwanzo nchi nzima ilikuwa na lami ya kama kilomita 10 tu. Baba alipofika, barabara zilikuwa zinachongwa kila upande, na yeye alikuwa amelelewa katika mji wenye lami tangu hajazaliwa. Wazee wetu wakilisimulia hilo hutabasamu kidogo, kisha hujikumbusha wasijivune.

Babu alikuwa na Morris Minor Unguja, rangi ya kijani. Baba alikuwa akikaa mapajani mwake akishika usukani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 gari ile ikachukuliwa. Baba alikuwa na miaka 11. Hakulisimulia hili zaidi ya mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili kwa sentensi moja: "Tuliamka haipo."

Unguja gari zinakwenda kushoto na usukani uko kulia. Oman ni kinyume. Siku ya kwanza ami yake alipompa gari ajaribu hapa, Baba alifungua mlango wa kulia, akakaa, akafunga mlango, akatia mikono mbele, na hakukuta kitu. Ami alisimama nje anacheka mpaka machozi. "Unamngoja nani, dereva?" Kila Idi kisa hiki kinasimuliwa upya, na kila Idi Baba anacheka kama ndiyo anakisikia mara ya kwanza.

Kuna jambo sikulielewa mpaka nilipokua. Baba alikuwa na sauti mbili. Mbele ya wageni, hasa watu wa ukoo waliobaki Oman miaka yote, alisema Kiarabu taratibu, akichagua kila neno kama mtu anayevuka wadi juu ya mawe, maana akikosea kidogo tu kuna mtu atachekea pembeni: "huyu Zinjibari". Akiingia kwenye Cressida na kufunga mlango, Kiswahili kinamwagika. Anaimba, anatukana mataa, anagombana na lori lililo mbele, anatusimulia habari za Malindi na Forodhani. Kiswahili changu chote nilikipata kiti cha nyuma. Ndiyo maana mpaka leo najua maneno ya barabarani kuliko ya jikoni, na Mama hanisamehi.

Alinifundisha gari mwaka 2013, kwenye kiwanja kitupu huko Al Hail. "Usukani usiubane, mwanangu, huo si shingo ya kuku." Akaniambia usukani ni neno la chombo cha baharini kabla halijawa la gari, na kwamba Waarabu wa Ghuba nao wanasema *sukkan*, neno lile lile. "Kwa hiyo hapo hatukopeshani," akasema. Alifurahi sana kila alipopata neno ambalo hakuna anayeweza kumcheka nalo.

Ijumaa jioni tulikuwa tunakwenda Wadi Kabir, kwenye gereji. Fundi wake alikuwa Mhindi wa Kerala ambaye baada ya miaka 20 na Baba alikuwa ameshika maneno yake: rejeta, pancha, "bado kidogo", "haya twende". Alizeeka pamoja na gari ile. Ikikosekana spea mpya, wanakwenda kuichomoa kwenye Cressida nyingine iliyokwisha kufa. Mwishoni sijui ni kiasi gani cha gari yetu kilikuwa bado chetu.

Halafu ikaja Gonu, Juni 2007. Mnaoikumbuka mnajua. Maji yalishuka kutoka milimani, wadi zikafumuka, Qurm ikawa ziwa, na watu kama 50 walipoteza maisha nchini. Baba alikuwa amepandisha Cressida mahali pa juu karibu na msikiti tangu mchana. Corolla ya Mama, mpya, ya mkopo wa benki, ilibaki mlangoni. Asubuhi tuliikuta nyumba ya tatu, imejaa tope mpaka kwenye kioo. Baba akasema, "Ya mkopo imekwenda na maji, ya jasho imebaki." Mama hakucheka. Alikuwa na haki, maana nafasi ilikuwepo huko juu kwa gari mbili.

Macho yake yalianza kuharibika kama mwaka 2019. Sukari. Kwanza alisema taa za usiku zina nywele. Baadaye akaacha kuendesha usiku, bila kutangaza. Kila mwaka tuliipeleka Cressida kwenye ukaguzi na kila mwaka ilipita, na Baba akirudi na karatasi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Gari ilikuwa inafaulu. Dereva ndiye aliyekuwa anafeli.

Mwaka 2023, asubuhi moja, mie niko pembeni yake, hakumwona kijana wa baiskeli. Nilipiga kelele. Breki zikashika. Kijana akapita, hata hakugeuka. Mfuko wa tende ukamwagika miguuni mwangu na Baba akabaki ameshika usukani, akasema pole pole, "Alikuwa wapi yule?" Alikuwa mbele yetu kabisa.

Kaka yangu yuko Sohar. Akaniambia kwa simu, "Wewe ndo uko karibu." Hayo ndiyo maneno ambayo mtoto wa karibu hupewa badala ya msaada. Mulkiya ilikuwa kwa jina langu tangu miaka mitatu nyuma, kwa sababu Baba alichoka na foleni. Kwa hiyo sikuhitaji sahihi yake. Nilihitaji tu siku moja ambayo atakuwa amelala mchana.

Nikaitangaza kwenye simu, na jioni ile ile akaja kijana, labda miaka 21, mpole, mwenye adabu. Hakufungua boneti. Hakuuliza maili. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akachutama, akatazama tairi. Nikajua. Ningeweza kusema siuzi. Alikuwa na riali 650 mkononi na mie nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla Baba hajaamka kwa Alasiri.

Nilitoa vitu vyetu: mto wa Baba wa kukalia, tasbihi ya kwenye kioo, taulo, chupa ya maji ya rejeta. Nikaviweka kwenye kabati la ukumbini. Baba alipoamka nikamwambia, "Nimeipeleka kwa fundi, inavuja mafuta."

"Haya," akasema.

Kesho yake akauliza, "Fundi kasemaje?" Nikasema anangoja spea. Keshokutwa tena. Kila siku baada ya chai, swali lile lile, sauti ile ile. Nilikuwa nimeshakuwa hodari: spea inatoka Dubai, fundi anaumwa, mtoto wa fundi anaoa. Wallahi nilimwoza mtoto wa watu asiyekuwepo.

Wiki ya tano alinikuta jikoni. Akasema, "Mwanangu, gari inayokwenda kwa fundi haivuliwi nguo."

Sikujibu.

"Mto wangu nimeukuta kabatini siku ile ile."

"Sasa Baba, mbona ulikuwa unaniuliza kila siku?"

"Nilikuwa nakupa nafasi ya kuniambia."

Nililia. Yeye hakunibembeleza, na sikustahili. Akaniuliza nimemuuzia nani, na hapo angalau sikuongeza uongo. Akanyamaza. Kisha: "Alitazama tairi za nyuma?" Ndiyo. "Basi tairi zile hazifiki mwezi." Akacheka kidogo, cheko la pua.

Baadaye, akiwa ameshageuka kuondoka, akasema, "Ile ya babu yako tuliamka haipo. Hii nilitaka kuiaga."

Hili ndilo nililokuwa nalificha kwenye kipindi. Kuiuza ilikuwa lazima, na bado nasema hivyo. Kijana wa baiskeli yuko hai. Nilichokosea ni kuamua kwamba mzee asiyeona vizuri hawezi pia kuambiwa. Nilidhani namwepusha na maumivu, kumbe nilikuwa najiepusha mwenyewe na uso wake. Na nikamfanyia tena kitu ambacho alikwisha kufanyiwa akiwa na miaka 11, safari hii na binti yake.

Sasa tuna gari nyingine, ndogo, inalia kila ukikaribia ukuta. Ijumaa namchukua Baba tunazunguka, wakati mwingine mpaka Wadi Kabir, kumsalimia fundi tu. Mto wake upo. Anakaa kulia, upande ule ule aliokaa mwaka 1975 akingoja usukani, na mguu wake unakanyaga breki ambayo haipo kila ninapochelewa kusimama. Anaona mwanga na vivuli, lakini sauti anaisikia yote. "Badilisha mafuta," ananiambia. "Na huyo mbele yako mpigie honi, amelala."

Mnaosoma hapa, kama na nyie mna gari ya mzee uani inayongoja uamuzi, kaeni naye ndani yake kwanza. Zimeni injini. Mwambieni.