Viputo kwenye tangi la marehemu baba



Baadhi yenu mlituuliza mbona tumekuwa kimya tangu kaskazi. Baba yetu alitangulia mbele ya haki, Allah amrehemu na amjaalie kaburi lenye nuru. Sisi mabinti zake watatu tukarudi nyumbani kukaa na mama, naye akaingia eda yake ya miezi 4 na siku 10. Kuhusu msiba wenyewe tutaandika siku nyingine, Inshaallah, moyo ukituruhusu. Leo tunataka kuwasimulia habari ya pampu ya tangi la samaki. Msitucheke.

Baba alifanya kazi Muscat miaka 12, na aliporudi alirudi na mambo mawili: kupenda kahawa chungu na kupenda samaki wa kwenye kioo. Tangi lake la kwanza tulikulia nalo. Samaki wale walikufa wote ule mwaka Unguja ilipokaa gizani, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia ya umeme unaotoka bara. Miaka mingi hakutaka tena kusikia habari ya samaki. Hili la sasa, la lita 300 za maji ya bahari, alilinunua baada ya kustaafu. Lilikuwa na vitatange wawili na wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na limewekwa ukumbini ukutani, pembeni ya rafu ya misahafu.

Kwa wasiolijua tangi la aina hii: chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi jingine dogo. Maji ya juu yanafurika na kushuka kwa bomba, yanapita kwenye soksi ya kuchujia na kwenye skima inayotoa uchafu kama povu, halafu yanaingia chumba cha mwisho. Hapo pampu inayavuta na kuyarudisha juu. Usiku na mchana hayasimami. Baba alikuwa akisema ni moyo wa tangi, ukisimama basi.

Wiki ya tatu baada ya maziko, pampu ikaanza kugugumia. Ilikuwa sauti ya mtu anayekunywa maji kwa pupa, inanyamaza kidogo, inaanza tena. Kule juu, mahali maji yanaporudia, vikatoka viputo. Vikubwa kwanza, kisha vidogo sana, mpaka tangi zima likawa jeupe kama soda iliyotikiswa. Samaki walijibanza kona moja. Viputo vikifika juu vinapasuka na kurusha matone ya chumvi. Siku mbili tu tukaona vumbi jeupe kwenye mbao za rafu na kwenye majalada ya misahafu. Mama akaihamisha misahafu chumbani kwake mwenyewe, mmoja mmoja, bila kusema neno. Afadhali angesema.

Fundi alikuwepo. Tulimwelezea kwa simu akasema bila kuja kuangalia kwamba pampu imekufa, tutafute nyingine, na bei aliyoitaja hatuiandiki hapa. Kumwita aje alitazame tangi nako kulikuwa na uzito wake. Mama mchana kutwa yuko ukumbini, hapo anapokea wageni wake wanawake, na tangi liko hapo hapo. Fundi kuingia kwa haja si jambo geni, tungemhamishia mama chumbani. Lakini alituambia, “Wanangu, siku hizi sitaki mwanamume nisiyemjua afungue makabati ya baba yenu.” Ikaisha hapo. Kaka yetu yuko Muscat. Tukabaki sisi, simu yenye video, na tochi.

Kosa letu la kwanza tulifungua kabla ya kutazama. Tulikuwa tumeshaamini pampu ni mbovu kwa sababu fundi amesema, kwa hiyo tukazima umeme ukutani (hili tulilifanya vizuri, na nyie msithubutu kutia mkono kwenye maji ya chumvi na plagi iko kwenye soketi), tukaitoa pampu, tukaisafisha kile kifeni cha ndani kinachozunguka kwa siki na mswaki. Kilikuwa na magamba ya chokaa, kweli, lakini kizima. Tukarudisha, tukawasha. Ikatulia nusu saa tukashangilia, kisha gluu, gluu, gluu.

Kaka akatuambia tushushe simu chini, tumulike chumba cha pampu, na tusiguse kitu. Tukamulika. Maji yalikuwa yamebaki vidole vitatu juu ya mdomo wa kuvutia, na juu yake pametokea kizingia, kile kishimo kinachozunguka kama unapofungua kizibo cha beseni. Hewa ilikuwa ikiteremka humo moja kwa moja hadi kwenye pampu. Pampu nzima, maji pungufu. Akatueleza jambo ambalo hatukulijua: tangi la juu kiwango chake hakibadiliki, kwa sababu linafurika mahali pale pale siku zote. Maji yanayokauka yanaonekana kupungua chini tu, kwenye chumba cha pampu. Ndiyo maana sisi tuliokuwa tukitazama juu tuliona tangi limejaa. Akaongeza kwamba pampu ikiachwa ivute hewa muda mrefu inapata moto na kuharibika kweli, na hapo maneno ya fundi yangekuwa sahihi.

Kwa nini yapungue sasa? Mama ndiye aliyejibu, yuko kwenye zulia na tasbihi yake. Kwanza, yeye anashinda humo na pangaboi linazunguka tangu asubuhi, joto la kaskazi mnalijua, na upepo unakausha maji. Pili, “Baba yenu akitoka kusali Alfajiri alikuwa akitia jagi zake mbili hapo chini. Kila siku. Nyinyi mmelala.”

Hatukuwa na la kusema.

Sasa wasomaji wetu, hapa ndipo tulipofanya kosa la pili, na hili liligharimu roho. Tangi la maji ya bahari, kwa hiyo tukaona litiwe maji ya bahari. Binamu yetu akawa anatuletea dumu kila siku, nasi tunajaza kama lita 4. Kugugumia kukaisha, tukajisifu. Siku ya tisa kitatange mmoja akawa anapumua kwa haraka, akaegemea kioo, jioni akafa. Mdogo wetu alilia kuliko alivyolia wiki nzima iliyopita, na sote tunajua hakuwa akimlilia samaki peke yake.

Kaka alipouliza tulikuwa tukitia maji gani, akashika kichwa. Yanayokauka ni maji, chumvi haikauki, inabaki. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Lita 36 tulizotia zilikuwa zimeongeza zaidi ya kilo moja ya chumvi kwenye tangi ambalo chumvi yake ilikuwepo pale pale. Baba alikuwa akitia maji matamu, yale ya kunywa ya dumu, na tukakuta haidromita yake kwenye droo, imefungwa kwa kitambaa. Ikasoma 1.030, wakati inatakiwa iwe karibu na 1.025. Tulishusha taratibu kwa siku kadhaa, tunatoa maji kidogo ya chumvi na kutia matamu, kwa sababu kushusha ghafla nako kunaua. Sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Tulikuwa tukiikumbuka kila tukipita pale ukumbini.

Kiwango kikakaa sawa, viputo vikubwa vikaisha. Lakini vile vidogo, kama ukungu, vikabaki. Hapa tukajifunza kwamba viputo si vya aina moja na havitoki mahali pamoja. Vile vya kugugumia ni kizingia, maji pungufu. Vile vya ukungu vinaweza kutoka kwenye skima, kwa hiyo tukaizima saa moja na kutazama: ukungu upo. Vinaweza kutoka kwenye soksi iliyoziba, maji yakamwagika kwa kishindo na kuchanganyika na hewa. Tukabadilisha soksi: ukungu upo. Vinaweza kuwa hewa iliyobaki kwenye bomba baada ya umeme kukatika, lakini hiyo hujitoa yenyewe kwa muda mfupi, nasi tulikuwa na siku kumi.

Aliyeligundua ni bi harusi wetu mtarajiwa. Ndoa yake ilikuwa ifungwe mwezi ule, na ingeweza kufungwa, mashehe walituambia hakuna kizuizi, ila alikataa kuolewa na mama amekaa ndani. Yeye ndiye mwenye kufuta kabati kila siku. Akasema, “Mbona hapa panalowa umeme ukikatika tu? Ukirudi, hapadondoki hata tone.”

Tulipomwambia kaka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Pampu yetu iko nje ya maji, inavuta kwa bomba fupi lenye yunioni. Pampu ikiwa inafanya kazi, upande wa kuvuta hauvuji maji, unavuta hewa, kwa hiyo nje ni pakavu kabisa na unaapa kuwa pazima. Umeme ukikatika mvuto unaisha, na maji yanapata njia ile ile ya kutokea. Akatuambia tupake vaselini kuizunguka yunioni wakati pampu inafanya kazi. Tukapaka. Dakika chache ukungu ukapungua mpaka tukaona mawe ya nyuma ya tangi. Tukajua ni hapo.

Tukazima, tukafunga koki, tukafungua kwa mkono. Oringi ilikuwa imekauka na kupasuka kama ngozi ya muwa. Mpya ilipatikana duka la vifaa vya mabomba kwa bei ndogo kuliko soda mbili. Tukaifuta vaselini yote, maana haifai kukaa kwenye mpira siku nyingi, tukatia grisi ya silikoni kidogo, tukafunga bila kutumia spana. Nyie wenye mikono ya kufungia vifuniko vya chupa za achari, punguzeni nguvu, yunioni ya plastiki inapasuka.

Tumewaandikia haya kwa urefu kwa sababu tumeyaona matangi haya kwenye nyumba mbili tatu za maharusi, yamepambwa kwa taa za buluu, na bi harusi hajui hata swichi iko wapi. Shoga, usingoje yakufike. Siku ya kwanza tu muombe mumeo akuonyeshe chumba cha pampu, ukiweke alama kiwango cha maji kwa nje ya kioo. Sisi tumetumia rangi ya kucha nyekundu iliyokuwa imekaa tu kwenye droo, maana kwa udhu mara tano kwa siku haikuwa na kazi.

Eda ya mama ilimalizika wiki iliyopita. Tulidhani tutagawana zamu ya kutia maji, tukaandika na ratiba, tukaibandika kwenye mlango wa kabati. Asubuhi ya kwanza aliyeamka kwa zamu yake alikuta jagi mbili zimeshatiwa, maji yako sawa sawa na mstari mwekundu, na misahafu imerudi kwenye rafu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, anawarushia samaki chakula, anawahesabu.

Ndoa ni mwezi ujao, Inshaallah. Bi harusi ameomba apewe tangi na mama amekataa.